Mbio za Mitumbwi (Bukoba na Muleba)

Mbio za mitumbwi ni mashindano ya kupiga makafi katika mwambao wa magharibi wa Ziwa Victoria, ambako wavuvi wa Bukoba na wa visiwa vya Muleba, kama Bumbire na Goziba, huanza kushika kafi wangali wadogo. Yaliyovuma zaidi ni yale yaliyodhaminiwa na bia ya Balimi, ambayo washindi wake wa Bukoba walikwenda kushindana katika fainali ya Mwanza.

Mchezo huu hutofautiana na upigaji makasia wa Olimpiki: mpiga kafi huelekea mbele na kafi lake halifungwi chomboni, ilhali mpiga makasia hukaa juu ya kiti kinachoteleza, akiipa mgongo njia ya mita 2,000 anayoikata. Tanzania haijawahi kupeleka mpiga makasia Olimpiki. Uganda, inayopakana na ziwa hilohilo, iliwakilishwa katika upigaji makasia kwa mara ya kwanza Tokyo mwaka 2021 na Kathleen Noble, mzaliwa wa Kampala aliyejifunza mchezo huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, nchini Marekani, na ambaye alishiriki tena Paris mwaka 2024. Kagera, mkoa wenye Bukoba na Muleba na watu waliokulia majini kizazi baada ya kizazi, haijapungukiwa vipaji bali vyombo vya mchezo huo na makocha.