Timu Iliyozaliwa Shuleni

Wasomaji wetu wa Fizi na Baraka wanalijua jina la Mazembe, timu ya mpira ya Lubumbashi. Lakini si wengi wanaojua kwamba timu hiyo kubwa ilizaliwa shuleni, mikononi mwa wamisionari. Habari hii yafaa tuisimulie, maana ina fundisho kwa wazazi na walimu.

Mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka 1966 huitwa Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910. Mwaka uleule wakafika mapadri Wabenedikto kutoka Ubelgiji. Watu walitoka pande nyingi kutafuta kazi katika shaba na katika njia ya reli. Makabila yakachanganyika, na Kiswahili kikawa lugha ya kusikilizana. Katika mji wa namna hiyo kijana aliyekuwa mbali na wazee wake aliweza kupotea upesi.

Mwaka 1925 Padre Grégoire Coussement, Mbenedikto, alianzisha chama cha mpira kwa ajili ya Waafrika. Tusifiche jambo moja: siku zile Wazungu walikuwa na chama chao, na Waafrika chao. Watu wa mji mmoja, waliopenda mchezo mmoja, hawakushindania kombe moja. Huo ulikuwa ubaguzi, na mpira haukuuondoa.

Mwaka 1939 Wabenedikto walioongoza shule ya Saint-Boniface walitaka kuwaongezea maskauti wao michezo. Wakaunda timu, wakaiita Saint-Georges, kwa jina la mtakatifu msimamizi wa maskauti. Timu hiyo changa ikaingia moja kwa moja katika daraja la kwanza. Mwisho wa mashindano ya mwaka ule wa kwanza ikapata nafasi ya tatu.

Nafasi ya tatu si kombe. Hapana shaka wako waliocheka. Lakini tupime vema: timu iliyoanza jana imesimama mbele ya zile zilizozoea, ikapitwa na mbili tu. Mwenye shamba hadharau shina la mwembe kwa sababu halijazaa mwaka wa kwanza.

Mwaka 1944 jina likageuzwa kuwa Saint-Paul. Baada ya miaka, wakaingia wachezaji ambao hawakuwa vijana wa misioni, na wamisionari wakaacha uongozi. Timu ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi iliyoisaidia. Je, kazi ya mapadri ilipotea? Wengine watasema ndiyo, kwa kuwa jina la mtakatifu liliondoka. Sisi twaona vingine. Mtoto akikua hutoka nyumbani kwa baba yake. Baba mwenye akili hamfungi kamba mguuni.

Tena tazameni matunda. Mwaka 1966 Englebert walichukua ubingwa bila kushindwa, wakapata sifa ya "Tout Puissant", yaani Wenye Nguvu Zote. Mwaka 1967 wakawa mabingwa wa Afrika: walitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, 1-1 kisha 2-2, na Kotoko hawakutokea katika mchezo wa kuamua. Mwaka 1968 wakaifunga Étoile Filante ya Togo 5-0. Waliposhindwa 4-1 katika mchezo wa marudiano, kombe lilikuwa lao bado. Mwaka 2010, kwa jina la Mazembe, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Huko Inter ya Italia iliwashinda 3-0.

Basi mzazi anayemkaripia mwalimu kwa kuwapa watoto mpira afikiri kwanza. Shuleni kijana hujifunza kusoma. Uwanjani hujifunza kumpasia mwenzake wa kabila jingine, kutii filimbi, na kushindwa bila kugombana. Mambo hayo matatu nchi yetu imeyahitaji mara nyingi kuliko vikombe.