Kilo Moja Imekula Ngapi?

Imeingia katika vijitabu vya ufugaji wa samaki istilahi moja ndefu, nayo sasa inasomeshwa hata huku kwetu Ole, Pemba: “uwiano wa ubadilishaji wa chakula.” Maneno matano, na mawili kati yake ni “wa”. Dhana yenyewe msomaji wa safu hii anaijua: ni kilo za chakula kilichotiwa bwawani, zigawanywe kwa kilo ambazo samaki wameongeza. Mabwana samaki wetu, wakishachoka na kijitabu, husema efu-si-aa (FCR) na mambo yakaenda. Sina ugomvi na dhana. Ugomvi wangu ni na hao waliokaa mezani, wakanywa chai ya watu, wakatoka na kitu kama hiki.

Tuanze na ubadilishaji. Shina lake ni la Kiarabu, b-d-l, lenye maana ya kuweka kitu mahala pa chengine. Ndilo lililotupa badala, badili, mbadala na mabadiliko. Kiswahili kikalitia -sha, likawa badilisha, na hapo likapata mtendaji mwenye kusudi: mtu hubadilisha nguo, hubadilisha fedha dukani, hubadilisha zamu. Kisha likatiwa -ji, kiambishi cha kazi ya mazoea, kama katika ushonaji na ufugaji. Kwa hiyo ubadilishaji wa chakula, kwa sikio la Mswahili ambaye hajaharibiwa na semina, ni kuacha chakula hiki na kuleta kile. Na ndivyo ilivyosikika. Katika mafunzo yaliyofanyika hapa Ole, bibi mmoja anayewalisha samaki wake pumba za mpunga aliambiwa kuwa ubadilishaji wake wa chakula uko juu mno. Akajibu kwa adabu zote: “Hasha, mwanangu, mie sijabadilisha kitu. Toka mwanzo ni pumba hizi hizi.” Mkufunzi alicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Aliyejua Kiswahili pale alikuwa bibi.

Uwiano nauheshimu. Umetoka katika -wia, na kumwia mtu ni kuwa na haki juu yake, kumdai. Kuwiana basi ni kudaiana sawasawa. Kwa hesabu za darasani ni neno zuri. Lakini deni lililomo katika shina lake limeshasahauliwa na wale wale wanaolitumia kila ukurasa, na mfugaji haulizi mambo ya kuwiana. Anauliza kilo moja imemgharimu nini.

Yupo mwengine, ambaye heshima inanizuia kumtaja ingawa yeye hakuona haya kunitaja, anapendekeza “tija ya lishe”. Tija ni natija ya Waarabu iliyokatwa kichwa, nayo kazi yake ni kupanda: tija ikipanda ni heri. Kipimo hiki kikipanda ni msiba. Sato aliyelishwa chakula kizuri huwa baina ya 1.4 na 1.8, akifika 3, mwenye bwawa anakula hasara. Ukikiita tija, siku ya mkutano utampigia makofi aliyefilisika. Hili nilimwandikia mhusika. Amenyamaza, na istilahi yake inaendelea kuchapwa.

Neno langu ni ulaji wa kilo. Kula ni katika vitenzi vikongwe vya Kibantu, shina lake silabi moja tu, na limezaa ukoo mzima: mlo, mlaji, mlafi, kilaji, lisha, lishe, malisho. Hata chakula chenyewe ni “cha kula” kilichogandana kikawa nomino, kikapata na wingi wake, vyakula. Samaki tumelikopa kwa Waarabu, tukaliacha nswi la wazee lijifie lahajani. Kula hatukukopa kwa mtu. Na tazama linavyofanya kazi. Fundi cherehani wa Chake atakwambia kanzu hii itakula yadi nne. Fundi wa vyombo atasema ubavu huu umekula misumari. Dereva wa gari la abiria hatolalamika kuwa uwiano wa ubadilishaji wa mafuta wa gari lake si wa kuridhisha; atasema gari linakula, na abiria wote watamwelewa. Watu hawa watatu wanasema jambo moja: kilichoingia kwa kile kilichopatikana, na kikizidi ni hasara. Mwelekeo wa hesabu umo ndani ya neno, hauhitaji tanbihi.

Nilipolipeleka mbele ya kamati ya istilahi, lilirudi na sababu mbili. Ya kwanza, kwamba ulaji siku hizi ni nafasi yenye mianya ya fedha za umma, na neno litaleta kejeli. Basi kwa hoja hiyo tuzifute na bahasha na chai, maana nazo zimeshatumika kwa rushwa, na wajumbe waanze kikao wakiwa na kiu. Ya pili ina uzito zaidi: kipimo hiki huhesabu chakula kilichomwagwa majini, si kilichoingia tumboni, basi vipi kiitwe ulaji? Jibu liko kwa dereva yule yule. Tangi likivuja, bado husema gari linakula. Kiswahili hakiulizi kilichomezwa. Kinahesabu kilichotoka mfukoni mwa mwenye mali. Na bwawa linataka hesabu hiyo hiyo. Pumba zinazotiwa kwa makonzi bila kuangalia kama samaki wanazifuata huzama, huoza, na kuoza kwake kunakula hewa ya majini (nako huko, tafadhali, ni kula). Alfajiri samaki wanapanda juu wakitweta, midomo wazi. Anayetweta hali, na asiyekula hakui, lakini chakula chake kimeshamwagwa na kimeshaandikwa.

Samaki anayewatatiza wanakamati ni mwatiko. Mwatiko hana meno. Katika mabwawa ya maji ya chumvi kando ya mikoko, yale yanayojazwa kwa maji ya bamvua, kama yaliyojaribiwa Makoba, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1990, yeye hujilisha utando wa kijani unaoota kwenye tope la chini pale jua linapofika. Utando huo haununuliwi, kwa hiyo hauandikwi daftarini. Mfugaji akiutunza vizuri akaongeza chakula kidogo tu cha kununua, ulaji wa kilo unaweza kushuka chini ya 1. Mjumbe mmoja aliniandikia kwamba hilo ni kinyume cha maumbile, kilo moja haiwezi kutoka katika nusu kilo. Angeuliza kwanza. Licha ya utando, chakula cha gunia ni kikavu, na samaki sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ng’ombe wa kunenepeshwa hupindukia 6 kwa sababu analazimika kujipasha moto mwenyewe na kujibeba kwa miguu minne. Samaki joto lake ni la maji aliyomo, na maji hayo hayo ndiyo yanayombeba.

Ni kweli kwamba ulaji wa kilo unasema habari za kukua zaidi kuliko za siha, na hapa lishe inapata nafasi yake ya haki. Kifaranga anataka protini nyingi, karibu asilimia 40 ya chakula chake. Akishakuwa mkubwa, 25 hadi 30 inamtosha. Pumba na machicha ya nazi hazifiki hapo. Samaki watashiba na hawatokua, na ulaji wa kilo utapanda ingawa hakuna kilichomwagika wala kuoza. Protini ya karibu yetu ni dagaa, lakini dagaa wa Zanzibar waliokaushwa wana wanunuzi hadi Kongo, na mfugaji wa Pemba lazima apande nao bei. Majani ya muhogo yanasaidia yakishakaushwa. Mabichi yana sumu yake, kila mpishi wa kisamvu anajua. Chakula kilichopikwa kwa moto mkali au kukaa ghalani mno hupoteza vitamini C, na samaki waliokosa vitamini hiyo huota uti wa mgongo uliopinda: utamwona mmoja kwenye wavu amejikunja kama herufi S, mzima wa macho, hana mnunuzi. Mahindi na mashudu yaliyoota ukungu huwa na sumukuvu, na kinacholipa ni ini.

Sumukuvu! Hilo ni neno lililotungwa na mtu mwenye masikio. Sumu, kuvu, basi. Tangu maafa ya Dodoma na Manyara ya mwaka 2016 limezoeleka redioni, na sijamsikia mkulima akiomba afasiriwe. Lingepitia mikono ninayoifahamu lingetoka “kiwango cha uchafuzi utokanao na vimelea vya ukungu”, na watu wangeendelea kula mahindi yao.

Matumizi, kwa haraka, maana nafasi imeniishia. Tuseme umetia vifaranga wenye jumla ya kilo 4, umevuna kilo 34, na umelisha kilo 60. Toa zile 4 za mwanzo (wengi wanazisahau, wakajisifu), zinabaki 30. Ulaji wa kilo ni 2. Kifupisho kisiwe UK, hiyo ni nchi ya watu. Andika kwa urefu, maneno ni matatu tu. Ukiuona umeruka kutoka 1.8 hadi 2.6 na chakula ni kile kile, usikimbilie dawa. Angalia kwanza gunia limekaa ghalani muda gani, kisha nenda bwawani alfajiri ukatazame kama samaki wanatweta, halafu ndiyo umwite bwana samaki kwa maradhi.