Shanga za Mama, Mukuba wa Nkambo: Mapambo Yetu na Historia Yake

Katika nyumba nyingi za Katanga kuna valizi moja ya zamani isiyofunguliwa ovyo. Ndani yake, kati ya vitenge, utakuta kamba ya shanga za buluu, kikuku cha mukuba, pengine na mkufu wa malakiti ambao baba alinunua Kolwezi wakati alikuwa anatumika mu mugodi. Siku mama anakufa, vitu hivi vinagawanywa haraka haraka. Vingine vinauzwa kwa bei ya chumvi, na hakuna aliyeuliza vilitoka wapi. Tunataka kuonyesha hapa kwamba pambo ni ukurasa wa historia, lakini ukurasa huo unasomwa tu kama umebaki na maneno yake.

1. Makaburi ya Sanga

Tuanze mbali. Pembeni ya ziwa Kisale, mu bonde la Upemba, kuna mahali panaitwa Sanga. Wataalamu walichimba hapo makaburi ya kale: Jacques Nenquin mwaka 1957, Jean Hiernaux mwaka 1958, kisha Pierre de Maret mwaka 1974. Makaburi mengi ni ya kati ya karne ya 8 na ya 13. Wafu walizikwa na vyungu vyao na mapambo yao ya shaba na chuma: mikufu, vikuku, minyororo. Shaba hiyo haikutoka mu bonde lenyewe. Ilitoka kusini, kwenye nchi ya migodi. Mu makaburi machache mulikuwa hata kauri za Bahari ya Hindi. Basi, miaka mia nyingi kabla ya Mzungu kufika, kitu cha pwani kilikuwa kinapita mukono kwa mukono mpaka kwa Waluba.

Baadaye, mu makaburi yaliyofuata, ikaonekana misalaba midogo ya shaba. Kadiri karne zilivyopita, misalaba hiyo ilipungua ukubwa na kufanana uzito, kwa sababu ilikuwa inageuka kuwa feza ya kununulia vitu.

Juu ya nini tunajua haya yote? Ni kwa sababu kila kitu kilikutwa pale pale mukono wa mzikaji ulipokiweka. Kikuku hicho hicho, kama kingeletwa tu sokoni ndani ya gunia, kingekuwa chuma chakavu.

2. Shanga zinazokumbuka

Mu karne ya 19, misafara ya Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi ilileta shanga za kioo kwa wingi. Zilitengenezwa Venice na Bohemia, zikashuka Zanzibar, zikavuka ziwa Tanganyika. Tusifikiri wazee wetu walipokea kila kitu kinachong'aa. Kila nchi ilikuwa na rangi yake inayopenda, na rangi iliyokubaliwa kijiji hiki ilikataliwa kijiji cha pili. Stanley, aliyefika Ujiji mwaka 1871, aliandika wazi kwamba msafiri akikosea kuchagua shanga, anaweza kulala njaa na mizigo yake pembeni. Huko Ujiji, shanga ziitwazo sofi zilikuwa ndizo feza ya sokoni.

Waluba walizipa shanga kazi kubwa zaidi, kazi ya kukumbuka. Wenye chama cha Mbudye walikuwa na ubao mudogo unaoitwa lukasa, uliojaa shanga na kauri. Musomaji wake alipitisha kidole juu ya shanga, huku akisimulia habari za wafalme, za ukoo na za safari. Ushanga mumoja mukubwa uliozungukwa na midogo uliweza kuwa mufalme na watu wake. Walikuwa pia na visanamu vidogo vya pembe vya kuvaa, vyenye kubeba jina la mzee aliyeheshimiwa. Aliyekivaa alikuwa anatembea na mzee wake.

Leo lukasa nyingi ziko mu makumbusho ya Ulaya na Marekani. Zinalindwa vizuri, hatukatai. Lakini mara nyingi ubao uko, musomaji hayuko.

3. Jiwe la kijani

Irani, na kwa Wanavajo wa Marekani, jiwe linaloheshimiwa ni feruzi. Sisi tuna malakiti. Mawe haya ni kama ndugu wa mbali, sababu rangi ya yote mawili inatoka kwenye shaba. Wazee waliyeyusha malakiti ili kupata mukuba. Mikufu ya malakiti tunayoiona Lubumbashi na Kolwezi ni sanaa ya vijana wa mjini, na sisi hatuidharau. Pambo la leo ndilo la zamani la kesho, tukiandika sasa ni nani alilitengeneza.

Ushauri kidogo: malakiti ni jiwe laini. Usilisafishe na ndimu wala siki, litakufa mungao; kitambaa chenye maji kidogo kinatosha. Ukiona mistari yake imelingana kabisa kama ya kitambaa cha kiwanda, shuku kwamba ni plastiki. Na wenye kulichonga wafunike pua, vumbi lake ni sumu. Juu ya pembe za tembo, biashara yake ya kuvusha mipaka ilikatazwa mwaka 1989. Basi za ukoo zibaki kwa ukoo.

4. Kugawa ao kushirikiana?

Hapa ndipo ubishi unapoanza. Mama ameacha watoto wanamuke wane na mkufu mumoja. Wengine wanasema: tukate kamba, kila mutu apate shanga zake. Wanaona ni haki, na kweli hakuna anayelia siku ile. Lakini baada ya miaka kumi, shanga tano mu chupa hazisemi tena kitu.

Sisi tunapendelea njia nyingine, ambayo familia nyingi zinaijua: mumoja anatunza, wote wanavaa. Binti anapoolewa, mkufu unatoka, unavaliwa, unarudi. Na siku ya kuuazima, shangazi ao nkambo anasimulia mbele ya wote: ulitoka kwa nani, ulinunuliwa wapi, nani aliolewa nao. Kisha muandike hayo kwenye karatasi, na karatasi ikae pamoja na mkufu. Muuzaji atawapa franka siku moja. Habari ile hakuna sokoni mahali mutaenda kuinunua tena.

Basi tusingoje matanga. Wenye kujua wako hai leo. Tuwaulize.