Osa Johnson: nyota wa filamu bubu aliyefika milima ya Lubero



Siku chache zilizopita nilikuwa pembeni mwa mji wa Beni, mahali ambapo familia zilizohama zinajihifadhi. Nilipotoa simu ili nipige picha, mama mmoja mzee aliyekuwa anachambua maharagwe aliniinulia mkono. "Mwanangu, ngoja kwanza. Hizi picha munatupigaka kila siku, zinaendaka wapi?" Nikamjibu kwamba zinakwenda redioni kwetu na kwenye intaneti. Akauliza tena: "Na huko, wanajua naitwa nani?"

Sikuwa na jibu zuri. Lakini swali lake limenikumbusha historia moja ya kwetu ambayo wengi hatukufundishwa shuleni. Zaidi ya miaka 90 iliyopita, nyota wa sinema kutoka Marekani alifika katika msitu wa Ituri na milima ya Lubero, pamoja na mume wake, kamera na bunduki. Aliitwa Osa Johnson. Sura za watu wetu zilitoka hapa zikaenda kuonyeshwa ng'ambo, na majina ya wengi wao hayakwenda pamoja nazo.

Binti wa mfanyakazi wa reli

Osa Helen Leighty alizaliwa tarehe 14 Machi 1894 katika mji mdogo wa Chanute, jimbo la Kansas, katikati ya Marekani. Baba yake alifanya kazi kwenye reli. Haikuwa familia ya watu wakubwa. Mwezi wa Mei 1910, akiwa na miaka 16 tu, aliolewa na Martin Johnson, kijana mpiga picha aliyekuwa amerudi kutoka bahari ya Pasifiki, ambako alisafiri ndani ya merikebu ndogo ya mwandishi Jack London.

Martin alikuwa na picha nyingi za safari hiyo, na alikuwa anazionyesha kwa watu wanaolipa kiingilio. Lakini picha zilizotulia, na mtu mmoja anayezieleza, haziwashiki watazamaji usiku mzima. Ndipo Osa alipopanda jukwaani. Alivaa mavazi ya visiwani, akaimba na kucheza ngoma za Hawaii, nchi ambayo wakati huo alikuwa hajawahi kuiona. Kwa miaka kadhaa mume na mke walizunguka hivyo kutoka mji hadi mji. Mshahara wao ulitegemea watu wangapi wamekuja usiku ule. Hapo ndipo Osa alipojifunza kazi: kusimama mbele ya umati na kuufanya usimwache kwa macho.

Elimu hiyo ilimfaa sana, kwa sababu zama zile filamu zilikuwa bubu. Hazikuwa na sauti. Maneno yaliandikwa kwenye kioo katikati ya picha, na mpiga piano alikaa pembeni akipiga muziki. Anayeonekana alipaswa kusema kwa uso, kwa mikono na kwa mwendo. Osa aliweza. Hakuwa mwigizaji wa hadithi za kubuni kama nyota wengine wa siku zile; aliigiza maisha yake mwenyewe, yaani mwanamke mdogo wa mwili asiyeogopa kitu.

Waliorudi kuonyesha picha

Mwaka 1917 Martin na Osa walikwenda visiwa vya Solomon na vile vinavyoitwa leo Vanuatu. Katika kisiwa cha Malekula walikutana na chifu Nagapate wa Wanambas Wakubwa. Mkutano ule uligeuka kuwa hatari, wakaponea chupuchupu. Kutokana na safari hiyo walitoa filamu yao ya kwanza mwaka 1918, na jina lake liliwaita wenyeji wa kule walaji watu. Filamu iliwaletea sifa na fedha.

Lakini sikilizeni jambo hili. Mwaka 1919 walirudi Malekula, wakabeba mashine ya sinema, wakatundika kitambaa cheupe, na kuwaonyesha Nagapate na watu wake picha zao wenyewe. Walijiona wakitembea. Hata kama nia ya wazungu wale ilikuwa kupata filamu nyingine, watu wa Malekula walau walijua picha yao imekwenda wapi.

Bunduki nyuma ya kamera

Mwaka 1921 walifika Kenya. Carl Akeley, mtaalamu wa jumba la makumbusho la viumbe la New York, ndiye aliyewahimiza wapige picha za wanyama wa Afrika. Akeley huyo ndiye pia aliyewasihi Wabelgiji walinde gorila wetu, na mwaka 1925 wakaunda Hifadhi ya Albert, ambayo leo tunaiita Virunga. Alifariki mwaka 1926 kwenye mlima Mikeno, na huko ndiko alikozikwa.

Kuanzia 1924 hadi 1927 Osa na Martin waliishi Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kando ya ziwa walilolipa jina la Paradiso. Waligawana kazi hivi: Martin alizungusha mkono wa kamera, na Osa alisimama karibu naye na bunduki. Simba au tembo akiwajia, Martin aliendelea kuzungusha. Uhai wake ulikuwa mikononi mwa mke wake. Kambini Osa alilima bustani, alipika na kusimamia nyumba, na mambo hayo pia yaliingia kwenye filamu, maana watazamaji wa Marekani walipenda kuona mwanamke mwenye bunduki na sufuria pamoja.

Filamu yao kubwa ya kipindi hicho, "Simba", ilitoka mwaka 1928. Si kila kitu ndani yake kilitokea chenyewe. Matukio mengine yalipangwa, na picha za siku tofauti ziliunganishwa zionekane kama za siku moja. Sisi tunaofanya kazi ya habari tunalijua jaribu hilo.

Huko Marsabit alikuwepo mfuatiliaji wa nyayo za tembo aliyeitwa Boculy. Osa alimwandika kwa jina na kwa heshima katika vitabu vyake, kwa sababu bila yeye wasingefika popote. Kwa hiyo alijua namna ya kuandika jina la Mwafrika. Tukumbuke hilo tunapoingia Kongo.

Ituri na Lubero

Safari iliyowafikisha kwetu ilianza mwishoni mwa 1929. Wakati huo sinema ilikuwa imeanza kusema, na filamu bubu zilikuwa zinakufa. Nyota wengi walipoteza kazi. Osa na Martin waliamua kuja na mafundi wa sauti na vyombo vizito vya kunasa sauti, jambo ambalo karibu hakuna aliyekuwa amelijaribu Afrika.

Katika msitu wa Ituri, msitu huohuo unaokupokea ukishapita Oicha na Eringeti, walikaa na Wambuti kwa miezi. Walinasa nyimbo na ngoma zao. Mimi kama mtu wa redio naliheshimu tendo hilo. Lakini filamu iliyotoka mwaka 1932 kwa jina la "Congorilla" iliwafanya Wambuti kuwa watu wa kuchekwa. Mtu mzima anapewa sigara kubwa, naye anaonyeshwa jinsi inavyomshinda. Osa anawapigia muziki wa jazi kwenye gramafoni na kucheza nao, huku sauti ya Martin ikiwatania kama watoto. Watu waliojua kila mti na kila mnyama wa msitu ule walipelekwa ng'ambo kama kichekesho.

Kutoka huko waliingia katika milima ambayo maandishi yao yanaiita Alumbongo, magharibi ya Ziwa Edward, upande wetu wa Lubero. Butembo ya wakati ule haikuwa jiji mnalolijua. Walitafuta gorila. Siku moja gorila wawili wachanga walipanda mti. Watu wa msafara waliuzunguka, miti ikakatwa, na wanyama walipoanguka wakakamatwa.

Gorila hao walivushwa bahari, na mwaka 1931 wakafika kwenye bustani ya wanyama ya San Diego, California. Walidhaniwa dume na jike, baadaye ikajulikana wote ni madume. Mmoja aliitwa Mbongo, kutokana na jina la milima alikotoka. Mwingine aliitwa Ngagi, kutokana na neno la Kinyarwanda la gorila. Walikua hadi kila mmoja akapita kilo 270, na watu walisafiri kutoka mbali kuja kuwaona. Mbongo alikufa mwaka 1942, Ngagi mwaka 1944. Mbongo alitengenezewa hata sanamu ya shaba.

Hapa ndipo swali la yule mama linaponirudia. Gorila wawili wa Lubero wana majina, mwaka wa kufika na mwaka wa kufa, na mmoja ana sanamu. Watu waliobeba mizigo, waliokata miti na waliowashika wanyama wale kwa mikono yao walikuwa pia watu wa huku. Wengi wao hawana hata jina kwenye karatasi. Labda babu wa mtu anayesoma hapa alikuwepo. Na hata kama angetaka kuiona sinema, mambo hayakuwa rahisi: sheria ya wakoloni ya mwaka 1945 ilikataza watu weusi wa Kongo kutazama filamu ambazo serikali haikuziidhinisha kwa ajili yao.

Mwisho wa safari yake

Osa na Martin walijifunza kurusha ndege, wakarudi Afrika mwaka 1933 na ndege mbili, moja imepakwa mistari ya punda milia na nyingine madoa ya twiga. Kisha, tarehe 12 Januari 1937, ndege ya abiria waliyopanda ilianguka karibu na Burbank, California. Martin alifariki kesho yake. Osa aliumia vibaya, lakini hakuvunja mikataba yao ya kuhutubia. Alipelekwa jukwaani kwenye kiti cha magurudumu, akasimulia safari zao mwenyewe.

Mwaka huohuo alirudi Afrika Mashariki kusaidia kampuni ya sinema iliyokuwa inatengeneza filamu ya Stanley na Livingstone. Mwaka 1940 kitabu chake cha maisha, "I Married Adventure", kiliuzwa sana Marekani. Alifariki New York tarehe 7 Januari 1953, akiwa na miaka 58. Mji wake wa Chanute ulifungua makumbusho yao mwaka 1961. Mwanamke aliyeanza kwa kuimba kati ya picha za mume wake, mwishoni ndiye aliyeandika historia ya wote wawili.

Na sisi je?

Siandiki haya ili tumchukie Osa. Alikuwa jasiri, alifanya kazi ngumu wakati wanawake wengi walinyimwa nafasi hiyo, na picha zake zimehifadhi sura na sauti ambazo sisi wenyewe hatukuwa na chombo cha kuzihifadhi. Ila alikuja chini ya utawala wa kikoloni, na uwezo wa kuamua nani ataonekana mjinga na nani shujaa ulikuwa mikononi mwa aliyeshika kamera.

Leo kamera zimerudi kwa wingi. Tangu mauaji ya Beni yaanze Oktoba 2014, na hasa baada ya M23 kuchukua Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024 na maelfu kukimbilia Lubero na Butembo, wageni na wenyeji tunawapiga picha watu wakiwa na godoro kichwani. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo wa 2024, gorila wanne wa kike waliolelewa katika kituo cha GRACE kule Kasugho waliachiwa kwenye mlima Tshiaberimu, waungane na gorila wachache waliobaki pale. Nilifurahi sana, kwa sababu baada ya kunyang'anywa gorila, milima yetu ilirudishiwa. Nikasoma pia majina yao: Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala. Halafu nikaangalia ripoti zangu mwenyewe za mwezi ule. Niliandika "wakimbizi wa ndani", "wanawake na watoto", "familia nyingi". Majina yalikuwa machache mno.

Baba zangu na mama zangu, mtu akija na kamera, hata akiwa mimi, muulizeni mambo matatu: wewe ni nani, picha hii itaonyeshwa wapi, na utasema nini juu yangu? Jina lenu kutajwa au kufichwa, ninyi ndio waamuzi. Wengine mmeona mambo ambayo kuyasema kwa jina kunaweza kuleta kifo, na kunyamaza ni haki yenu. Lakini kuficha jina kwa ajili ya usalama wako ni tofauti na mtu kutokujali kukuuliza.

Juzi nilirudi kwa yule mama. Nilimchezea sauti yake aliyonipa, akaisikiliza yote, akacheka alipojisikia akikohoa. Nilimuuliza kama niandike jina lake hapa. Akafikiri kidogo, akasema hapana, watoto wake bado wako njiani. Basi sikuliandika hapa. Liko ndani ya daftari langu, na herufi zote alinisahihishia yeye mwenyewe.