Pini 72 za Nintendo

Nintendo Entertainment System, mashine ya michezo ya video iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1985, ilizaliwa na ugonjwa wake. Famicom, iliyoitangulia huko Japani Julai 1983, ilichomekwa kaseti kwa juu, moja kwa moja kwenye soketi. Lakini mwaka huohuo soko la michezo ya video liliporomoka Marekani, na wenye maduka hawakutaka tena kuisikia. Nintendo ikaivisha mashine yake sura ya deki ya video: kaseti iliingizwa kwa mbele, kisha ikabonyezwa chini.

Ujanja huo ulifungua maduka, ila ukaiponza soketi. Pini zake 72 zililegea kaseti ikiingia na kubana ikishushwa. Kwa kupindwa mara kwa mara, zikaishiwa nguvu. Hapo ikaongezeka chipu ya 10NES, ya kuzuia kaseti zisizo na kibali. Chipu hiyo ilipaswa kuwasiliana mfululizo na mwenzake aliye ndani ya kaseti. Mguso mmoja ukikatika, mashine ilijiwasha upya takriban kila sekunde, taa nyekundu ikikonyeza. Mara nyingi, basi, kilichoitwa ubovu kilikuwa mlinzi akimfungia nje mwenye nyumba.

Watoto waliitibu kwa kupuliza kaseti. Ilielekea kusaidia, yamkini kwa kuwa kaseti ilichomolewa na kuchomekwa tena. Unyevu wa pumzi wenyewe huleta kutu. Nintendo ilikataza jambo hilo na kuuza vifaa vya kusafishia. Mwaka 1993 ikatoa toleo la kuchomeka kwa juu, lisilo na 10NES, yaani ikarudi ilikotoka.

Mafundi wa leo hufuata njia hiyohiyo ya Nintendo: kusafisha, kurekebisha soketi na kuiondoa chipu kazini. Miguso ya kaseti husuguliwa kwa pamba yenye spiriti. Soketi hubadilishwa, ingawa nyingi za kisasa hubana kupita kiasi, hata wapo wanaoona heri kuichemsha ile ya zamani. Wengine hukata mguu wa nne wa chipu ndani ya mashine, na mlinzi hunyamaza.

Betri ni suala jingine. Kaseti kama The Legend of Zelda hutunza hatua za mchezaji kwa betri ya litiamu ya volti 3 iliyolehemiwa kwenye bodi. Ikiisha, hatua hizo hupotea. Fundi makini akiibandua huweka kishikizo, ili safari ijayo betri ibadilishwe bila kulehemu.