Wiki Yenye Tano Mbili

Ingia duka lolote pale Kasansa, katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, uulize saa. Mwenye duka atainua macho ukutani, ataona mshale mfupi umekaa kwenye 8, naye atakujibu bila kusita: "Saa mbili." Mshale umesema lake, mdomo umesema lake, na hakuna aliyedanganya. Ukiambiwa urudi mashineni saa nne kuchukua mchele wako, utafika mshale ukiwa kwenye 10. Mpimbwe mwenyeji, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, Mkatoliki na Mwislamu, wote wanaisoma saa hiyo kwa namna moja.

Naanzia dukani kwa makusudi. Ukitajwa ustaarabu wa mwanzo wa Kiislamu, mawazo hukimbilia Baghdad na Cordoba, au magofu ya Kilwa, au ule msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Kasansa haina gofu. Kilichofika huku ni kuhesabu muda, na hicho nacho hakikufika kama kilivyotoka Uarabuni. Kilifumuliwa njiani, kikashonwa upya.

Itazame wiki. Kwa Mwarabu siku ya kwanza ni Jumapili, al-ahad; Jumatatu ni ya pili, na hesabu inakwenda hadi al-khamis, ya tano, kisha inakuja siku ya mkusanyiko. Wayahudi nao huanzia Jumapili. Kanisa la Kilatini vilevile, ndiyo maana Mreno hadi leo akitaja Jumatatu anataja "ya pili". Mswahili hakumfuata yeyote kati yao. Aliifanya Ijumaa kuwa kilele, akaanza kuhesabu kesho yake: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alipofika hapo akaliacha jina la Kiarabu lilivyo, Alhamisi, ambalo maana yake ni ya tano. Basi tunazo tano mbili zilizoketi bega kwa bega, moja ya Kibantu, moja ya Kiarabu, na kila moja inahesabu kutoka kwake.

Tumezoea kuambiwa kwamba Kiswahili kilikopa kwa Waarabu. Kukopa kilikopa, lakini tano hizi mbili zinaonyesha mkopaji aliyekuwa na hesabu yake tangu awali. Mwarabu mwenyewe haanzi kuhesabu Jumamosi. Ni watu wa pwani walioona kwamba kama Ijumaa ndiyo siku kuu, basi wiki iishe nayo, halafu wakapanga namba kwa akili zao. Hata namba zenyewe ni hivyohivyo. Mama anayepima mpunga kwa debe anahesabu moja hadi tano kwa Kibantu, anavuka kwa Waarabu kwenye sita na saba, anarudi nyumbani kwenye nane, anavuka tena kwenye tisa. Wala hasikii kama amevuka mto.

Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo cha Wabelgiji pale Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Walikuja na kalenda ya Gregori na kengele, lakini Kiswahili walichokikuta kilikuwa kimekwisha kuzipa siku majina. Ndiyo maana leo katika parokia za Mpimbwe Siku ya Bwana inaitwa, kwa hesabu, siku ya pili baada ya Ijumaa. Sijapata kumsikia padri akililalamikia hilo.

Na kwenye saa Wakatoliki walipata faida wasiyoitarajia. Injili inasema Yesu alikata roho saa tisa. Msomaji wa Kiingereza anahitaji maelezo pembeni, maana saa tisa yake ni asubuhi. Msomaji wa Kasansa hahitaji kitu: saa tisa ni alasiri, jua limeanza kuinama, na Ijumaa Kuu ibada huanza saa hiyohiyo. Hapa tusiwape Waislamu sifa isiyo yao. Kuhesabu saa za mchana tangu macheo kulikuwapo kwa Warumi na Wayahudi zamani, na Wahabeshi hufanya hivyo hadi leo. Neno "saa" ndilo la Kiarabu. Mtindo ni wa dunia nzima ya kale, nao umedumu kwetu kwa sababu karibu na ikweta mchana na usiku havipishani sana mwaka mzima.

Hata mwanzo wa siku una undugu wa aina hiyo. Mzee wa pwani akikuambia Alhamisi jioni kwamba huu ni usiku wa Ijumaa, hajakosea: jua likizama, siku mpya imeingia. Mkatoliki anayekesha Jumamosi usiku kungoja Pasaka anafuata sheria ileile bila kuijua. Wote wawili wameirithi kutoka kwa watu waliokuwapo kabla yao.

Lakini mwaka ndipo penye ugomvi. Wazee wengi wa bara walihesabu kwa matukio: mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, kabla ya Operesheni Vijiji. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa hivyohivyo. Mtume Muhammad husimuliwa kuwa alizaliwa Mwaka wa Tembo, pale jeshi lenye tembo lilipoiendea Makka. (Jina hilo halihitaji tafsiri Mpimbwe, jirani na Hifadhi ya Katavi, huku tembo haji na jeshi, anakuja peke yake kwenye mahindi.) Khalifa Umar alipoweka kalenda, yapata mwaka 638, angeweza kuanzia kuzaliwa kwa Mtume, kama mtawa Dionysius alivyokwisha kufanya kwa Yesu karne moja nyuma. Badala yake mwaka wa kwanza ukawa ule wa kuhama kwenda Madina, 622. Kwa Wakristo mwaka wa kwanza ulihesabiwa tangu mtoto kuzaliwa, kwa Waislamu tangu jumuiya kuundwa.

Mwaka wa Kiislamu ni wa mwezi mtupu. Qurani ilikataza kuongeza mwezi wa kuusawazisha na misimu, kwa hiyo kila mwaka unatangulia siku 11 hivi. Mwaka 2016 Ramadhani ilianza Juni, kiangazi, mavuno yako ndani. Mwaka 2026 ilianza Februari, mpunga umesimama majini. Mkulima hawezi kupanda kwa kalenda hiyo, na dola za Kiislamu zililijua hilo mapema. Mwaka 895 Khalifa al-Mu'tadid aliisogeza Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi na siku ya kufungulia kodi, hadi tarehe 11 Juni, kwa sababu ilikuwa imeteleza mpaka wakulima wakawa wanadaiwa mazao yangali mabichi. Nairuzi hiyohiyo imebaki Makunduchi kwa jina la Mwaka Kogwa, na mabaharia wa Kiswahili waliugawa mwaka wake kwa miongo ya siku kumi kumi ili wajue lini upepo utageuka. Kwa maoni yangu huo ndio ukomavu wa ustaarabu ule: mwezi kwa ibada, jua kwa shamba, pasipo kulazimisha kimoja kifanye kazi ya kingine.

Jua lenyewe pia si moja kila mahali. Sala tano hufuata jua la mahali ulipo, na haja hiyo iliwapa wanajimu wa Baghdad kazi ya kutunga majedwali ya nyakati za sala. Mwaka 997 al-Biruni, mnajimu kijana wa miaka ishirini na kitu, alikaa Kath, nchi iitwayo leo Uzbekistan, na mnajimu mwenzake Abu al-Wafa akakaa Baghdad. Walikuwa wameagana waangalie kupatwa kwa mwezi kwa usiku mmoja, kila mtu aandike saa ya kwake. Walipolinganisha, miji yao ilipishana karibu saa moja.

Dar es Salaam na Kasansa saa za ukutani ni zilezile, lakini Kasansa iko magharibi kwa takriban nyuzi nane, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Adhuhuri huku inakaribia saa saba. Na jioni ya Ramadhani, redio ikiadhini magharibi kutoka Dar, aliyefunga Kasansa anatoka nje kwanza na kutazama upande wa machweo. Jua bado lipo. Bakuli la uji linafunikwa tena, kwa karibu nusu saa.