Sumaku: Ncha, Uga na Matumizi Yake

Sumaku ni kitu chenye uwezo wa kuvuta chuma, nikeli na kobalti bila kugusana navyo. Uwezo huo huitwa usumaku. Shaba, aluminiamu, mbao na plastiki havivutwi kwa namna inayoonekana. Ndiyo maana sumaku hutumika kuchambua chuma kutoka katika metali nyingine kwenye vyuma chakavu. Sumaku ya asili ni jiwe la magnetaiti, ambalo ni muungano wa chuma na oksijeni.

Kila sumaku ina ncha mbili. Sumaku ikining'inizwa kwa uzi, ncha moja hugeukia kaskazini na nyingine kusini, na kila ncha hupewa jina la upande inaoelekea. Ncha zinazofanana husukumana; zisizofanana huvutana. Sumaku ikikatwa katikati, kila kipande huwa sumaku kamili yenye ncha zake mbili.

Eneo linaloizunguka sumaku, ambamo nguvu yake hufanya kazi, huitwa uga wa sumaku. Katika lugha ya kila siku, uga ni uwanja ulio wazi kwenye makazi. Fizikia imelichukua neno hilo kwa maana ya eneo la nguvu. Unga wa chuma ukinyunyizwa juu ya karatasi iliyofunika sumaku, hujipanga katika mistari inayotoka ncha moja hadi nyingine.

Dunia nayo ina uga wake, jambo lililoelezwa na Mwingereza William Gilbert mwaka 1600. Uga huo ndio unaoigeuza sindano ya dira. Kwa kuwa ncha ya kaskazini ya sindano huvutwa upande wa kaskazini, ncha ya sumaku ya dunia iliyo upande huo ni ya kusini kwa tabia.

Usumaku wa chuma hutokana na elektroni za atomu zake. Atomu hizo hukaa katika vikoa vidogo, na kila kikoa ni kama sumaku ndogo. Katika chuma cha kawaida vikoa huelekea pande tofauti, hivyo nguvu zake hubatilishana. Chuma kikisuguliwa kwa sumaku kuelekea upande mmoja tu, vikoa vingi hulingana, na chuma hicho huwa sumaku. Chuma laini hupoteza usumaku upesi, ilhali chuma cha pua hudumu nao. Kugongwagongwa hupunguza usumaku, na chuma kikifikia nyuzi 770 za Selsiasi huacha kabisa kuwa sumaku.

Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark aligundua kwamba waya wenye mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira. Waya uliozungushwa kwenye kipande cha chuma laini ukipitishwa mkondo, hupatikana sumaku-umeme. Faida yake ni kwamba huwashwa, huzimwa na kuongezwa nguvu kwa kubadili mkondo. Winchi hunyanyua vyuma chakavu kwa sumaku hiyo, kisha huviachia mkondo unapokatwa. Kengele ya umeme nayo hugonga kwa njia hiyo.

Katika mota na spika, uga wa sumaku husukuma waya wenye mkondo. Jenereta hufanya kinyume: mwendo kati ya sumaku na waya huzalisha umeme, kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Hospitalini, mashine nyingi za MRI hupiga picha za ndani ya mwili kwa uga wenye nguvu ya tesla 1.5, zaidi ya mara 20,000 ya ule wa dunia. Kwa sababu hiyo, vitu vya chuma haviruhusiwi kuingizwa katika chumba cha mashine hizo.